Milima ya Phoenix na watoto wadogo: tuanzie wapi, tubebe nini?

mama_wa_watatu

Wakuu, habari za huko. Tunaishi Phoenix, Arizona, upande wa magharibi wa jiji. Watoto ni watatu: miaka 3, 7 na 11. Desemba bibi yao anakuja kukaa nasi. Ana miaka 67, anatembea vizuri ila goti moja linamsumbua kwenye mteremko. Tunataka tuwapeleke kwenye hii milima ya jangwa inayozunguka jiji. Hatulali huko, ni kutoka asubuhi na kurudi nyumbani kula mchana.

Kila ninayemuuliza ananitajia Camelback. Je, inafaa kwa umri huu? Kama haifai, tuanzie wapi? Maji tubebe kiasi gani kwa watu sita? Mdogo nimwekee kigari au nimbebe mgongoni? Na hofu yangu kubwa ni miiba, nyoka na nge, nikizingatia kwamba huyu wa miaka 3 hagusi kitu kwa macho, anagusa kwa mikono.

Gari ni la kawaida na nafasi yetu ni Jumamosi au Jumapili.

---

Kokoto

Karibu dada. Camelback iondoe kwenye orodha. Kilele chake kiko futi 2,704 (mita 824), na njia ya Echo Canyon inapanda karibu futi 1,300 ndani ya maili 1.2 tu. Kuna vipande unashikilia vyuma vilivyosimikwa kwenye mwamba, na vingine unapanda kwa mikono na miguu. Mtoto wa miaka 7 anaweza kufika juu, watoto ni wepesi. Shida inakuja kwenye kushuka: miguu imechoka, mwamba umelainishwa na viatu vya maelfu ya watu, na huku nyuma kuna foleni ya watu wanaotaka kupita. Njia ya pili, Cholla, ni ndefu kidogo na haijabana sana mwanzoni, lakini kipande cha mwisho ni mawe matupu na pembeni hakuna kitu. Watu wanaitaja kwa sababu ndiyo inayoonekana kutoka kila barabara.

Kabla ya majina ya njia, shika jambo moja. Mlimani hapa unapanda asubuhi kukiwa na ubaridi na nguvu zipo. Unarudi jua limekomaa, mwamba umepata moto, na maji yamepungua. Kwa hiyo njia ichague kwa kuangalia safari ya kurudi. Vibao vinaandika maili na futi, lakini wewe hesabu muda. Mtoto wa miaka 3 akitembea mwenyewe mpe kilomita moja kwa saa, kwa maana kila jiwe lazima aliokote. Wa miaka 7 anafika kilomita mbili kwa saa kwenye njia isiyo na mawe makubwa. Hesabu kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, kisha ongeza nusu saa kwa kila futi 500 za kupanda. Ukipata zaidi ya saa tatu jumla, hiyo njia siyo yenu kwa sasa.

Kwa kuwa mko magharibi, anzeni na White Tank Mountain Regional Park. Kuna Waterfall Trail, karibu maili moja kwenda, na kipande cha mwanzo kimetengenezwa tambarare kiasi kwamba hata kiti cha magurudumu kinapita. Njiani kuna michoro ya kale iliyochongwa kwenye mawe, kwa hiyo watoto wana kitu cha kutafuta. Baada ya hapo njia inageuka mawe na ngazi hadi mwisho wa korongo. Maporomoko yenyewe usiwaahidi watoto: maji yanatiririka baada ya mvua tu, siku nyingine ni ukuta mkavu na kidimbwi. Na michoro haiguswi, mafuta ya vidole yanaiharibu. Hapa mnalipa kiingilio kwa gari, siyo kwa kichwa.

Safari ya pili iwe Papago Park, Hole-in-the-Rock. Ni tundu kubwa kwenye jabali jekundu, njia yake haifiki nusu kilomita, inapita nyuma ya jabali na kuna ngazi za mawe. Inaonekana ya kitoto, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Ndani ya tundu sakafu ni laini, imeinama kuelekea mbele, na mbele kuna mporomoko. Mtoto wa miaka 3 ashikwe mkono muda wote akiwa ndani, siyo kuitwa kwa sauti. Kushuka upitie njia ileile ya nyuma. Usiwaruhusu wakubwa watelemke upande wa mbele hata kama vijana wengine wanafanya hivyo.

Mkishazoea, nendeni Pinnacle Peak kule Scottsdale. Njia ni pana, imetunzwa, ina vyoo mwanzoni. Ni maili 1.75 kwenda, na ina mtego: haiendi kileleni, inapita ubavuni halafu inashuka upande wa pili. Ukifika mwisho, kurudi nako ni kupanda tena. Familia nyingi zinachoka hapo kwa sababu zilidhani mlima umeshaisha. Nyinyi geuzeni pale mnapoona Grandview, karibu nusu maili tu kutoka mwanzo, mandhari yote mmeshaiona. Mbwa hawaruhusiwi.

Wa miaka 11 akitaka kitu cha kumtoa jasho, Wind Cave ndani ya Usery Mountain Regional Park inamtosha: maili 1.6 kwenda, inapanda kama futi 800, mwisho kuna pango la kina kifupi chini ya jabali. Mzazi mmoja aende naye, mwingine abaki chini na wadogo. Ila mazingira ya pango lile yanapendwa na nyuki. Mkisikia mvumo, hapo hapo geuzeni, picha mtapiga siku nyingine.

---

Jabali

Nakubali kuhusu Camelback, ila mbona mmeiruka Piestewa Peak? Futi 2,608, njia ni maili 1.2, ngazi nyingi zimejengwa kwa mawe na saruji. Wa miaka 11 anaimudu.

---

Kokoto

Mkuu Jabali, anaimudu, ndiyo. Lakini inapanda karibu futi 1,200 kwa umbali huohuo, maana yake ni ngazi toka chini hadi juu, na ngazi zenyewe hazilingani, nyingine zinafika gotini kwa mtoto. Kivuli hakuna. Ni ya mtoto mmoja mkubwa na mtu mzima mmoja, asubuhi na mapema, wakati wa baridi. Kwa msafara wenye mtoto wa miaka 3 na bibi mwenye goti, hapana. Wapite North Mountain kama wanataka kukaa katikati ya jiji.

---

nesi_wa_zamu

Mama, nitajibu ya maji, miiba na wadudu. Samahani, itakuwa ndefu.

Maji. Desemba mchana joto huwa kama nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, asubuhi linaweza kuwa 7. Kwa hali hiyo mtu mzima nusu lita kwa saa inatosha. Wa miaka 11 mpe mafunda machache kila dakika 20, tuseme theluthi moja ya lita kwa saa. Wa miaka 7 robo lita. Mdogo pungufu ya hapo kidogo. Kwa safari ya saa tatu, watu wazima watatu ni lita 4.5, watoto wote watatu kama lita 2.5, na lita moja ya akiba isiyonywewa: ya kuoshea kidonda au kumwagia aliyepata joto. Jumla lita 8, ambazo ni kilo 8. Zigawanyeni. Mtoto asibebe zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wake, na maji yote yasikae kwenye mkoba mmoja, kwa sababu mwenye mkoba akiteleza na chupa kupasuka mmebaki watu sita bila maji. Joto likipita nyuzi 30, zidisha hivyo vipimo mara mbili. Ila joto likifika hapo mimi naona hakuna sababu ya kumpandisha mtoto mlima, nendeni bwawa la kuogelea.

Kanuni ni hii: nusu ya maji ikiisha, mnageuka, hata kama kilele kiko hapo mbele mnakiona. Na msisubiri mtoto aseme ana kiu. Akicheza hasikii kiu. Unamwita, anakunywa ukimwona, anaendelea.

Maji matupu kwa saa nyingi bila chakula chenye chumvi nayo yana hatari yake, chumvi ya mwili inapungua na mtu anaanza kuumwa kichwa na kutapika akiwa amekunywa sana. Beba karanga za chumvi, biskuti za chumvi, au pakiti ya ORS. Soda na juisi nzito zinaongeza kiu.

Joto. Mwili wa mtoto hupokea joto haraka kuliko wetu, jasho lake ni kidogo, na kimo chake kinamweka karibu na ardhi ambako hewa ina moto zaidi. Dalili ya kwanza mara nyingi siyo kulia. Mtoto aliyekuwa anaongea ananyamaza. Anakuwa mkaidi bila sababu, uso unawiva au unapauka, anasema tumbo linauma. Hapo kaa kivulini, mvue kofia na viatu, lowesha nguo na shingo, mpepee, mpe mafunda madogo. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, kutapika mfululizo au kusinzia, piga 911 (namba ya dharura) na endelea kumpoza huku mkisubiri. Msijaribu kwanza kumshusha mbio.

Miiba. Kaktasi wa kuogopa hapa anaitwa cholla. Mmea mfupi, unaonekana kama una manyoya meupe yenye kung'aa, na ndiyo maana watoto wanataka kuupapasa. Vipande vyake vinakatika kwa kuguswa kidogo tu na kila mwiba una vinyoya vya nyuma vinavyoshika nyama. Kosa la kila mtu ni kuuvuta kwa mkono wa pili; sasa mikono yote miwili imenaswa. Beba chanuo la plastiki lenye meno mapana. Liingize kati ya ngozi na kile kipande, kisha rusha kwa mkupuo mmoja kuelekea pasipo na mtu. Miiba iliyobaki ing'oe kwa kibano, ukiivuta kufuata upande ilikoingilia. Mpungate ni tofauti: ile miiba mikubwa siyo tatizo, tatizo ni vijimiiba laini kama nywele vilivyo kwenye tunda na kwenye jani. Ondoa unavyoviona kwa kibano, halafu nyumbani paka gundi nyeupe ya shuleni, weka kitambaa cha gozi juu, ikikauka bandua. Usimruhusu mtoto afute mkono kwenye nguo au machoni kabla ya hapo.

Nyoka. Nyoka wenye njuga mkiani wanatembea zaidi kuanzia Machi hadi Oktoba. Desemba wengi wamejificha, ila siku ya jua mmoja anaweza kutoka kujipasha joto juu ya jiwe. Watoto wafundishwe mambo mawili tu, mengi watasahau: mkono hauingii mahali ambapo jicho halijaona, na ukisikia kitu kinatikisika kama njuga unasimama kwanza, unaangalia kiko wapi, ndipo unarudi nyuma taratibu. Akiruka bila kuangalia anaweza kumrukia mwenyewe. Kaeni mbali naye angalau mita mbili, atapita.

Mtu akiumwa: ondoka karibu na nyoka, kalisha mgonjwa, vua pete, saa na kiatu cha upande ulioumwa kabla haujavimba, piga 911. Kwa kalamu chora mstari mahali uvimbe ulipofika na uandike saa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usiweke barafu, usimpe aspirini wala ibuprofeni. Hili la kufunga kamba nalirudia kwa sababu wengi wetu tumekua tukilisikia: linaufungia sumu mguu na kuuharibu.

Nge. Yule mdogo mwenye rangi ya majani makavu ndiye mwenye sumu kali, na kwa mtoto wa miaka 3 ni jambo zito. Anakaa chini ya mawe na magogo. Mtoto akidungwa kisha macho yakaanza kuzunguka hovyo, mate yakamtoka, akarukaruka viungo au akapumua kwa shida, ni 911. Hospitalini dawa ya kupinga sumu yake ipo. Dalili zikiwa ni maumivu na ganzi tu, piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, kinafanya kazi saa zote, na ukihitaji mkalimani uliza.

Nyuki. Kimbieni. Funika uso kwa shati, mbebe mdogo, nendeni kwenye gari mfunge milango hata kama wachache wameingia nao. Msipunge mikono.

Jambo la mwisho ambalo wageni hawaambiwi. Udongo wa hapa una kuvu anayeleta ugonjwa unaoitwa Valley fever. Anaingia kwa kuvuta vumbi. Wengi hawaugui kabisa, wengine wanapata kikohozi, homa na uchovu mkubwa wiki moja hadi tatu baadaye. Watu weusi, wajawazito na wenye kisukari wana hatari zaidi ya kuugua vibaya. Simaanishi kwamba msitoke nje. Maana yake ni kwamba siku ya upepo wa vumbi mnaahirisha, watoto hawachimbi udongo mkavu, na kikohozi kisichoisha mkikipeleka kwa daktari mtaje huo ugonjwa kwa jina ili apime. Vinginevyo mtapewa antibayotiki za nimonia, na antibayotiki haziui kuvu.

---

mama_wa_watatu

Nesi, ubarikiwe, nimenakili yote. Bado mambo mawili. Kigari cha mtoto au mgongoni? Nina kanga na mbeleko ya kawaida, sina ile ya fremu. Na bibi: kuna mahali anaweza kuwa nasi siku hiyohiyo bila kuachwa kwenye gari?

---

baba_mdogo

Shemeji, kigari cha magurudumu madogo kinakwama kwenye changarawe ndani ya hatua kumi. Njia zilizotengenezwa kwa ajili ya viti vya magurudumu ndizo zinazokipokea, na ni fupi: mwanzo wa Waterfall Trail aliyoitaja Kokoto, Bajada Nature Trail pale Gateway kwenye McDowell Sonoran Preserve (nusu maili, ina vibao vya kueleza mimea), na Merkle Trail ndani ya Usery, karibu maili moja kuzunguka vilima viwili vidogo. Kwingine kote mgongoni.

Kanga na mbeleko vinafaa kwa njia tambarare ya nusu saa. Kwa mlima nina pingamizi mbili. Mgongo wako na tumbo lake vimegusana, joto halitoki, wote wawili mnalowa. Na mtoto wa miaka 3 mwenye kilo kama 14 anaegemea upande anaoutaka. Ukiteleza huna jinsi ya kujirekebisha. Mbeleko ya fremu inaacha nafasi ya hewa, ina kivuli cha juu na mkanda wa kiunoni unaobeba uzito. Azima au nunua iliyotumika. Soma lebo ya uzito wa mwisho, ambao unahesabu mtoto pamoja na maji na vitu vyote. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mfupa wa nyonga, ndipo ukaze wa mabegani. Watu wanaanza na mabega na baada ya dakika 20 shingo inawaka. Mteremshe kila dakika 30 hadi 40 anyooshe miguu. Kumbuka pia kwamba akiwa juu huko, kichwa na mikono yake imetoka nje ya kimo chako. Wewe unapita chini ya tawi, yeye analipata usoni. Aliye nyuma yako ndiye macho yako.

Kwa bibi: Merkle au Bajada ni tambarare, goti halitalalamika. Mpe fimbo mbili za kutembelea. Goti linaumia kwenye kushuka, kwa hiyo fimbo zirefushwe kidogo kuliko za kupandia, na ashuke kwa hatua fupi. Njia nyingine ni South Mountain: barabara ya lami inapanda hadi Dobbins Lookout, futi 2,330, jiji zima liko chini yenu. Bibi anafika juu kwa gari, watoto wanatembea kidogo kuzunguka hapo juu, mnakutana. Ila chunguzeni siku: baadhi ya Jumapili barabara hiyo hufungwa kwa magari, inaachiwa watembeao na waendesha baiskeli.

---

Jabali

Kwenye South Mountain ongezeni Hidden Valley kwa huyu wa miaka 11, kutoka Buena Vista Lookout. Kuna mtaro wa mawe makubwa, handaki la asili, na upenyo mwembamba kati ya majabali mawili unaopita kwa ubavu. Mtoto wa umri huo anaupenda kuliko kilele chochote. Mawe ya mle yamelainika kama sabuni, kwa hiyo mnakaa kitako na kuteleza taratibu, hamrukii. Na mnaanzia juu, hivyo kurudi ni kupanda. Ile hesabu ya Kokoto ya muda na ya nesi ya maji ishikeni hapo. Ni kama maili 4 kwenda na kurudi, siyo ya wadogo.

---

Kokoto

Nakubaliana. Nimalizie yale ya kawaida ambayo huharibu siku.

Viatu. Ardhi ya hapa ni mwamba uliofunikwa na changarawe ya mviringo. Kupanda huioni, kushuka inakubiringisha. Viatu vya kukimbilia vilivyoisha meno ndivyo vinavyoangusha watu, siyo urefu wa mlima. Mtoto avae kiatu kilichofunga vidole, chenye soli yenye meno, na soksi ndefu kidogo kwa ajili ya miiba ya chini. Kandambili hapana, hata kwa nusu maili. Kwenye mteremko mtu mzima mmoja atangulie chini ya mtoto, hatua moja au mbili mbele, ili akiteleza akute mwili wa mtu. Wengi wanakaa juu na kumshika mkono. Akiteleza anamvuta bega na wote mnashuka.

Nguo. Asubuhi ya Desemba ni baridi, dakika arobaini baadaye mtoto anataka kuvua. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko koti moja nene ambalo mwishowe unalibeba wewe. Kofia yenye ukingo pande zote, na mafuta ya jua hata kwa ngozi nyeusi, hasa masikioni, puani na nyuma ya shingo.

Saa. Desemba jua linachomoza baada ya saa 1 na robo asubuhi na kuzama kama saa 11 na nusu jioni. Kuanza saa 2 ni sawa kwa joto, ila maegesho ya Echo Canyon, Piestewa na Pinnacle Peak Jumamosi hujaa mapema. White Tank na Usery ni kubwa, huko nafasi ipo. Milima ikificha jua giza linaingia ghafla, kwa hiyo mkianza alasiri kila mtu mzima awe na tochi yake, ya simu usiitegemee.

Kiangazi ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2023, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, jiji lilipita siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, ambazo kwenye taarifa za hapa utaziona zimeandikwa 110 za Farenhaiti. Siku za onyo la joto kali jiji hufunga njia za Camelback na Piestewa mchana. Kibao kinasema 8 hadi 5, yaani saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Siyo ushauri, ni marufuku. Mbwa naye haruhusiwi kwenye njia za jiji joto likifika 100 ya Farenhaiti, ambayo ni 38. Na kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni majira ya mvua za radi. Makorongo makavu yanajaa kwa mvua iliyonyesha mlima wa mbali wakati juu yenu ni jua tupu, kwa hiyo mkiona wingu jeusi upande wowote msikae kwenye mkondo wa mchanga. Mvua ya Desemba ni ya taratibu, ila mwamba ukilowa ahirisheni.

Kabla hamjaondoka piga picha ya ramani iliyo kwenye ubao wa mwanzo wa njia. Kule McDowell kuna nguzo za dharura zenye herufi na namba. Mpe wa miaka 11 kazi ya kuzisoma kwa sauti kila mnapopita, ili mkipiga 911 mseme namba ya mwisho mliyoiona na wawafikie moja kwa moja. Simu iwe ndani ya mkoba upande usiopigwa na jua, ikipata moto inajizima.

---

mama_wa_watatu

Basi mpango ni huu, nisahihisheni: Jumamosi ya kwanza White Tank, wote, hadi kwenye michoro; bibi na mdogo wanaishia pale njia tambarare inapoishia, mimi na wakubwa tunaendelea hadi mwisho wa korongo kisha tunarudi kwao. Wiki ya pili Dobbins kwa gari. Wiki ya tatu Merkle kwa bibi na wadogo, huku baba na mkubwa wanapanda Wind Cave.

---

nesi_wa_zamu

Mpango mzuri. Rekebisha mawili. Mnapogawanyika, kila kundi libaki na maji yake, chanuo lake na simu yenye chaji. Usimwachie bibi mkoba mtupu kwa sababu eti anakaa tu. Na mpangiane saa ya kukutana pamoja na ya kuanza kuwa na wasiwasi. Kwa mfano: tunarudi saa 4 na nusu, ikifika saa 5 na robo hamjatuona, mwambieni askari wa hifadhi.

---

Kokoto

Na Wind Cave waanze wao kwanza, saa 1 na nusu, kabla nyinyi hamjafika Merkle. Njia yao inachukua saa mbili na nusu hadi tatu kwa mwendo wa mtoto, yenu haizidi saa moja na nusu. Mkianza pamoja bibi atakaa kwenye maegesho anasubiri.